Faki Atalima Mafuta Yake

Muskat

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nakushika miguu kutoka huku mbali, nawe nipokelee hapo Kengeja ulipo. Goti linakusumbua bado, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila moyo unanichemka na sitakuficha. Barua hii akusomee jirani yetu Bi Time, si dada Riziki, kwa sababu yaliyomo humu yanamhusu mumewe.

Riziki alinipigia simu huku analia. Kumbe lile pipa la dizeli ambalo mkweo Faki aliliweka kondeni "kwa siku mbili tatu", apate kuwauzia wenye maboti ya Kisiwa Panza, limetoboka likavujia muhogo! Na alijua, akanyamaza! Halafu, hana hata haya, akaja na sahani ya halua, akakaa kitako barazani, akakwambia: "Mama, konde hili limeshakufa. Nipe mie nijenge banda la mafuta, usijisumbue." Nawe ukainamisha kichwa ukamkaribisha kahawa, kwa kuwa mkwe hasutwi. Konde la marehemu baba, Mama, lililotulisha sote! Nilikata simu nikaupiga ukuta ngumi, mkono ukavimba.

Nilitaka kukwambia asomewe halbadiri, laana imshukie. Wallahi nilitaka. Lakini nimelala na jambo hili, nimeamka nalo, nikapata adhabu nzuri zaidi, na nimeipata hapahapa kazini.

Yadi yetu inatengeneza malori, na oili na dizeli hazikosi kumwagika chini. Zamani udongo ule ulizolewa ukatupwa. Sasa tunautandaza, tunauchanganya na samadi, tunaunyunyizia maji na kuupindua. Nilimuuliza msimamizi wetu, mzee wa Kihindi, kuna nini hata tulee mchanga kama mtoto mchanga. Akacheka. Akasema mle mna bakteria, vidudu visivyoonekana kwa macho, na vinakula hayo mafuta. Vimo udongoni tangu zamani, ila vinataka hewa, unyevu na mbolea kidogo vizaane. Sikumwamini. Ilipopita miezi nikauchota nikaunusa: unanuka udongo mtupu, na majani yameanza kuota.

Kwa hiyo konde halijafa. Muongo mkubwa yule! Linataka jembe tu, na jembe hilo atalishika yeye.

Sasa nisikilize. Usimsute, mwombe. Ijumaa, wanaume wakishatoka msikitini, jikongoje mpaka kwenye baraza anayokaa na wenzake, umejitanda vizuri, useme kwa sauti yako ile ya upole: "Mwanangu Faki, mie na goti hili siwezi tena. Hebu nilimie kikonde changu." Wewe huwezi kumsuta mkwe, sawa. Na yeye je, ataweza kumkatalia mama mkwe mbele ya watu? Athubutu! Watamcheka kutoka Kengeja mpaka Pujini.

Akishakubali, kwanza apige tuta upande wa kisima, mvua isije ikayapeleka mafuta majini. Muhogo wa pale aung'oe wote, asile mtu wala mbuzi. Kisha abebe samadi kutoka zizini kwa Mzee Kombo, abebe kwa kichwa, apite barabarani. Najua Mzee Kombo ana gari la ng'ombe. Usimkumbushe. Achanganye, amwagie maji udongo uwe na unyevu bila kutota, na aupindue kila wiki vidudu vipate pumzi. Sabuni ya unga asitie kabisa, itavidhuru. Akija na haraka zake, mwambie vidudu havili kwa pupa. Itachukua miezi, nami nafurahi ichukue miezi! Nataka mikono ile laini iote malengelenge. Na Riziki asimsaidie hata ndoo moja ya maji.

Najua hapa umemkatiza Bi Time unasema, "Hamadi, mwanangu, samehe." Sisamehe, Mama. Labda baadaye, lakini leo sisamehe.

Nisalimie Bi Time, Mungu amlipe kwa macho yake. Nisalimie Mzee Kombo wa ng'ombe, na shangazi Mize aliyenilea, mwambie kanga zake nimezinunua. Watoto wa Riziki wabusu wote. Wao hawana kosa.

Liko la mwisho. Harufu ikiisha, panda kunde kwanza. Zikistawi, ndipo upande muhogo, na siku hiyo mwite Faki achimbe mashimo. Akimaliza mshukuru sana, mbele ya majirani, kisha umpe habari kuwa fungu langu la konde lile nimempa dada Riziki, liwe mali yake peke yake, na sheha nimeshamwandikia. Faki akitaka banda, au akitaka muhogo, akamwombe mkewe.

Ni mimi mwanao anayekuombea afya,
Hamadi