Ubeti wa Tatu Ulioukatisha

Mwaka umetimia, Baba, tangu uanguke mbele ya madhabahu ya kanisa kuu, ubeti wa tatu ukiwa bado mdomoni. Tunakuandikia kwa hofu, na hatuoni haya kukuambia.

Siku sita ulikuwa fundi wa mafriji. Siku ya saba ulikuwa Ngurumo, besi, sauti ya chini kabisa, wa kwateti ya wanaume wanne. Kinanda kikubwa kikinyamaza na kwaya ikiketi, nyinyi mlibaki mmesimama kwenye ngazi za madhabahu mkiimba bila ala, kama walivyofanya wanne waliowatangulia, na wengine wanne kabla yao. Noti ya kuanzia ilitoka kwako. Uliguna kidogo, wenzako wakaichukua hapo. Ulitutania kwamba sikio hilo ulilipata kazini. "Friji la jirani linaimba chini ya noti," ulisema. "Halimalizi wiki." Na kweli halikumaliza.

Ulikuwa mpole. Mjane asiye na uwezo ulimtengenezea kwanza, kisha ukamwacha aamini kuwa ni waya tu uliolegea, hakuna cha kulipa.

Tangu siku ile wenzako wanaimba watatu, na wimbo ule wanauishia kwenye ubeti wa pili. Hawakupanga hivyo; wanafika hapo, wanakaa. Mwenzako yule fundi cherehani ndiye anayekisia noti, na kila mara anaanzia juu mno.

Mwezi uliopita walikuja nyumbani. "Shemeji," fundi cherehani alimwambia Mama, "tunamwomba mwanao mkubwa. Sauti ni ile ile. Siku ya kumbukumbu tuumalize wimbo."

Sauti ni ile ile, ndiyo. Kaka akipiga simu, Mama hushtuka kabla ya kuitikia. Lakini na moyo ni ule ule. Daktari alishampima kaka, akasema moyo wake umetanuka kama wako, akampa dawa za kila asubuhi.

"Haimbi," Mama alisema. "Nimeshatoa mmoja, inatosha."

"Mama, daktari ameniruhusu," kaka alisema.

"Daktari hakuwepo pale, mwanangu."

Kuanzia hapo roho ya Mama ikawa juu juu. Alikagua vidonge vya kaka kila asubuhi. Alitega sikio kusikiliza pumzi zake akipanda ngazi. Nasi tuliogopa pamoja naye, tukawa tunaongea kwa kunong'ona kama nyumba yenye mgonjwa.

Jumamosi iliyopita kaka aling'ang'ania, wakafanya mazoezi sebuleni kwetu. Mama alijifungia jikoni. Kwenye ubeti wa tatu walikwama, wakarudia, wakakwama tena. Besi ya ubeti ule hukuwahi kuiandika, Baba, na wenzako waliimba nawe miaka thelathini bila kujua hasa ulikuwa unafanya nini kule chini. Waliporudia mara ya nne mlango wa jikoni ukafunguka. Mama alisimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Unachelewa," alimwambia kaka. "Baba yako hakuwangoja hawa. Wao wakivuta pumzi, yeye keshaingia."

Akaiimba mwenyewe kwa sauti yake nyembamba, noti kwa noti, hadi mwisho. Miaka yote hiyo ulikuwa ukifanya mazoezi bafuni, ukidhani hakuna anayekusikiliza. Fundi cherehani alilia waziwazi.

Jumapili hii, kwenye misa ya saa nne asubuhi, wataimba beti zote tatu. Hofu haijatutoka. Mama bado anasema hapendi, na tunamwamini.

Siku ile, Baba, Mama alichelewa kanisani, akakaa benchi la mwisho. Ulipoanguka, watu walijaa njiani. Alisukumana nao, na alipokufikia ulikuwa umeshatutoka. Hilo hakuwahi kulisema hadi wiki hii, alipokwenda kumwambia padri kwamba Jumapili atasimama ngazini, hatua moja nyuma ya mwanawe. Padri alimjibu kwa upole kuwa pale ni mahali pa waimbaji.

"Basi niandikeni mwimbaji," Mama akasema. "Safari hii nitakuwa karibu."

Unakumbukwa na mkeo, wanao watano, wakwe na wajukuu zako, dada yako, na wenzako watatu wa kwateti. Mwombee mwanao pumzi ya ubeti mmoja, Baba. Hatutakusahau kamwe.