Sababu ya Kutokesha Msibani kwa Baba

Lemara,
Arusha.
3 Agosti, 1996

Mpendwa dada Tabea,

Shikamoo. Hamjambo huko Songea? Kifua chako kimepona? Mimi mwili ni mzima. Mashine yangu ya kusaga inafanya kazi na wateja wapo. Jioni nikifunga ndipo sina wa kuongea naye.

Najua safari ilikushinda tulipomzika baba mwezi uliopita, nami sikulaumu. Ila yaliyonipata pale nyumbani Nkoaranga hakuna aliyekuandikia. Msiba ulikuwa siku nne. Kila siku nilifika saa moja asubuhi, nikapasua kuni, nikabeba maji, na turubai nililipia mimi. Saa mbili usiku naondoka, ili saa tatu niwe kitandani kwangu. Shangazi Anande akasema mbele za watu, "Mwacheni aende, godoro lake lina wivu." Wakacheka wote, hata niliowapikia chai.

Dada, wewe unajua. Mwaka 1991, ulipokuwa unakaa kwangu, nilikesha siku nne nikipanga biashara, nikaagiza mashine tano wakati nafasi ninayo ya moja. Kisha nikalala wiki sita, hata kuoga sitaki. Daktari alituambia wote wawili: ugonjwa huu wa kupanda na kushuka huamshwa na usingizi uliokatika. Mwili una saa yake, na yangu ikivurugika, nami navurugika. Vidonge pekee havitoshi. Kula, kulala na kuamka viwe kwa wakati. Tangu hapo naandika kwenye daftari. Miaka mitano, nimelala chini ya saa sita mara tatu tu. Hakuna aliyenipa hongera.

Kosa ni kuwaambia nyumbani kwamba ilikuwa malaria. Nilikuomba mimi useme hivyo, kwa aibu. Sasa tarehe 31 tunaweka msalaba kaburini, na usiku wa kuamkia siku hiyo kuna mkesha. Kaka Fanuel amesema asiyekesha hatashika msalaba wa baba. Nilipomweleza ukweli akacheka: "Malaria yako imegeuka saa ya ukutani?"

Mwandikie, dada. Ile siri nimekufungulia. Mwambie ulichokiona, wewe atakuamini.

Barua yako isipowahi, sitakesha. Nitalala saa tatu, niamke saa kumi na moja, nipande Nkoaranga. Nitawakuta wanakunywa chai. Sijui kama yupo atakayenimiminia.

Nisalimie shemeji Sadoki, na Lilian na Emmanuel. Mungu awatunze, mlale salama na kuamka salama.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka,
Anaeli