Koki Chini ya Bomba

Mkunya, 29 Julai 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba vumbi la salfa ya mikorosho halijakukaba kifua kama mwaka jana. Mimi sijambo. Ningekupigia simu, ila utaishia kusema "enhe, enhe" kama siku ile ya Pasaka. Masikio yako yalibaki huku kituoni, kwenye kelele za pampu za maji. Basi barua hii nampa Jumanne wa bodaboda akuletee.

Jumamosi nilikwenda Masasi, kwenye ule mkutano wa wahandisi wa kila mwisho wa mwezi. Tulikuwa kama ishirini, wa barabara, wa umeme, wa mashine za kubangulia korosho, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya stendi. Mada ilikuwa teknolojia mpya na namna ya kubadili kazi. Mama mmoja, Shamila, alikuwa mtu wa pampu kama sisi. Sasa yuko Mtwara, anafunga vifaa vinavyopima maji kwenye matangi na kutuma taarifa kwa simu. Anatafuta wahandisi wawili wa kuwafundisha na kuwaajiri kuanzia tarehe 6 Oktoba, na akanitaja mimi mbele za watu. Mjomba, nilifurahi mpaka nikaona haya.

Kabla ya chai simu ikalia. Mashine namba mbili imegoma, msaidizi wangu Hamudi ameihangaikia tangu asubuhi. Nikarudi mbio, nikaingiza mkono chini ya bomba kama ulivyonifundisha, maji yakapanda. Meneja anasema haniachii mpaka apatikane mwingine anayeiweza mashine hiyo. Miaka sita sijatoka Mkunya siku mbili mfululizo. Nimechoka, Mjomba. Kwa desturi yetu wewe mjomba ndiye msemaji wangu, sema neno.

Mpwa wako,
Salome


Chiungutwa, 3 Agosti 2025

Mpwa wangu Salome,

Marahaba. Sisi wazima. Kifua kinakohoa kidogo, lakini mikorosho haijui kusubiri. Mama yako anakusalimu, anasema umekonda, ingawa hajakuona.

Nimesoma habari za mkutano wenu. Watu wazima ishirini wanakaa ukumbini kufundishana namna ya kuikimbia kazi. Zama zetu kazi ndiyo iliyomkimbia mtu. Mashine ile nilikaa nayo miaka thelathini na moja, na nilipostaafu nikakuachia wewe, mtoto wa dada yangu, kama desturi yetu inavyotaka. Nilipokuonyesha pa kuweka mkono nilikwambia: hili ni la ukoo, si la kila anayepita. Mwenzako angeshukuru.

Na ukitaka kujua maana ya mashine kusimama, mtazame mama yako anavyotembea. Mwaka tisini na sita iligoma siku tatu. Akashuka mteremko kutafuta maji bondeni, wewe ukiwa mgongoni, akateleza. Mguu ule unasema mpaka leo. Unataka wanawake wa Mkunya waanze tena kushuka?

Hapana. Baki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nawe uliinama ukakipata.

Mjomba wako,
Erasto


Mkunya, 2 Septemba 2025

Mjomba,

Shikamoo. U mzima? Mama je? Huku tunamshukuru Mungu.

Neno lako nililipokea, sikulijibu upesi kwa sababu nilikuwa na hasira. Leo nina swali tu.

Jumamosi nilikwenda tena Masasi. Shamila alimtaka kila mtu achore mashine anayoifanyia kazi, aeleze kila kipande kina kazi gani, maana asiyejua alichonacho hatajua anachokiacha. Nikachora namba mbili. Nikaeleza yote mpaka nikafika kwenye ile koki ndogo chini ya bomba la kuvuta, iliyofunikwa na gunia, ambayo naifunga kabla ya kuwasha na kuifungua nikishazima. Wakauliza, ya nini? Nikasema, ili mashine ipumue. Ukumbi mzima ulicheka.

Mjomba, chuoni nilifundishwa kwamba bomba la kuvuta likiwa na tundu, pampu itavuta hewa badala ya maji. Nimelijua hilo miaka yote sita. Lakini koki ulinionyesha wewe, na cha mjomba hakihojiwi. Sasa nahoji. Ile koki ni ya nini?

Mpwa wako,
Salome


Mkunya, 18 Septemba 2025

Mjomba,

Shikamoo. Jumanne anasema uliisoma barua yangu ukiwa umesimama, ukaitia mfukoni, ukarudi shambani. Siku kumi na sita sasa. Hali yako nitakuuliza siku utakayonijibu.

Wiki iliyopita nilizima mashine bila kuifungua koki. Sikumwambia mtu. Asubuhi Hamudi akabonyeza, maji yakapanda mara moja. Siku tano aliiwasha yeye, anatembea kama bwana harusi. Meneja akaniita. Yuko tayari kusaini niondoke, ila kwanza niandike ni nini kilichobadilika. Nikakaa na karatasi. Nikiandika ni wewe, jina lako lililopakwa rangi ukutani pale kituoni watalifuta. Nikiandika ni mimi, nani atampa kazi mhandisi aliyewanyima watu maji?

Nikamwambia ilikuwa bahati. Jioni nikaifungua tena koki, kwa mkono wangu huu. Kesho yake Hamudi akahangaika mpaka saa nne nilipofika, na huku juu wanawake walikwisha kubeba ndoo kuelekea mteremkoni. Meneja akacheka, akasema, "Unaona? Hatuwezi bila wewe."

Mjomba, nimekuwa wewe. Naogopa.

Salome


Chiungutwa, 28 Septemba 2025

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba zile nilizokunyima pia. Mwili hauna neno.

Mwaka tisini na sita ilikuja orodha ya kupunguza wafanyakazi. Mafundi tulikuwa watano, abaki mmoja. Nikatoboa bomba, nikapachika koki ile, nikaiacha wazi, nikaenda nyumbani kusema naumwa. Siku ya nne wakanifuata na gari. Nikaiwasha mbele yao, jina langu likatolewa kwenye orodha. Siku ya pili ya zile tatu ndiyo siku aliyoshuka mama yako.

Kila mwaka nilisema mwakani nitaiondoa. Toka hapo sikuweza kwenda popote nisirudi kesho yake. Hata baba yangu nilimzika na kuondoka kabla udongo haujakauka. Kisha kifungo hicho nikakupa wewe, nikakiita urithi.

Ijumaa nilimwambia mama yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba fimbo yake, akaingia ndani. Hajasema nami mpaka sasa. Chakula ananiletea Dorika wa jirani, na sina cha kulalamika.

Jana yule Jumanne wa bodaboda alinipeleka Masasi, ukumbini kwenu, wewe hukuwapo. Zamu ilipofika ya watu kueleza walivyobadili kazi, nikasimama. Nikasema mimi sikubadili kazi, nilibadili mashine, nikawaeleza yote. Hakuna aliyecheka. Shamila aliniandikia swali kwenye karatasi, kwa kuwa sikumsikia: mpwa wako alijua? Nikamjibu, alijua kwamba mjomba wake hadanganyi.

Barua ya kumpa meneja iko ndani ya hii, nimekiri yote, ina sahihi yangu. Shamila anayo nakala. Ukuta waupake rangi nyingine. Koki aing'oe Hamudi, wewe usiiguse tena.

Sitakuamuru, maana nimekwisha kuamuru vibaya. Nakuomba. Jumanne nimemkataza kupokea barua yako nyingine kutoka Mkunya. Ukitaka kunijibu, nijibu ukiwa Mtwara.

Mjomba wako,
Erasto