Kwa Nini Mkokoteni Husonga

Baba yangu, mvuta mkokoteni wa Kawangware,

Wiki iliyopita niliaibishwa na mtoto wa gredi ya nane, na wewe ndiye ungeniokoa. Tumefika kwenye somo la kani na mwendo. Niliandika ubaoni kwamba ukivuta kitu, nacho hukuvuta kwa nguvu ile ile, bila kupunguza. Nikatoa mfano wa mkokoteni, tena kwa maringo, maana ni nani hapa Kibera wa kunifundisha habari za mkokoteni, mimi niliyesomeshwa nao? Akoth, msichana anayekaa karibu na dirisha, akainua mkono.

"Ticha, kama hizo nguvu zinatoshana, si wanafaa kukwama tu hapo? Mbona mkoko unasonga?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikasema tutaliangalia kesho. Najua ungenicheka: "Mwalimu mzima!"

Nilirudi nyumbani nikiwaza zile Jumamosi za utotoni, wewe mbele umeshika mikono ya mkokoteni, mimi nyuma nasukuma mbao ninazodhani bila mimi hazifiki. Nilikuwa naukodolea macho mzigo, nawe unaniambia, "Usiangalie mzigo. Angalia miguu." Na tukifika mteremkoni unanifukuza kando. "Kupanda ni jasho tu. Kuteremka ndiyo kazi." Ulikuwa unainua mikono ya mkokoteni juu mpaka kile kipande cha tairi ulichopigilia nyuma kikwaruze barabara, huku umekanyaga chini kwa akala zako, zile ndala nazo za tairi, na mkokoteni unatulia. Sikuelewa hata kidogo. Nilifurahia zile kelele tu.

Kesho yake nikaazima mkokoteni wa jirani wa shule anayeuza maji, nikautia uwanjani na mitungi yake juu. Kulikuwa na matope. Nikauvuta nikiwa na viatu vyangu vya kufundishia, miguu ikateleza, mkokoteni haukutikisika, watoto wakafurahi kuliko siku ya michezo. Ndipo nikatoa akala zako kwenye mfuko. Mama alinipa baada ya mazishi, na sijui kwa nini nilizibeba asubuhi ile. Nikazivaa, kubwa vile, nikainama, nikavuta. Ukasonga.

"Aah! Kumbe ni chini!" Akoth akapiga kelele. "Ticha anasukuma chini na miguu, na chini inamrudishia!"

Ndivyo ilivyo, Baba. Mkokoteni unakuvuta nyuma kweli, lakini ardhi inakusukuma mbele zaidi, mradi miguu imeshika. Watoto wakapiga makofi. Mimi nikakaa juu ya mitungi nikalia, wakadhani nimeumia.

Nililia kwa sababu ya vile viatu. Mshahara wangu wa kwanza nilikununulia viatu vyeusi vya ngozi, soli laini inayong'aa. Nikakuambia, "Baba, hizi akala zinakufanya uonekane..." nikakwama. Ukanimalizia mwenyewe: "Mtu wa mkokoteni?" Ukacheka mpaka ukakohoa. Viatu ukaviweka vya kanisani, hadi asubuhi ile ya mvua ulipovivaa na mbao zimejaa. Hata Kawangware hukutoka. Mteremkoni miguu ikateleza, mkokoteni ukakupiga nyonga, na hukuvuta tena mpaka ulipotuacha. Kila aliyekuja kukuona ulimwambia, "Ni mvua." Nami nikaitikia ni mvua, mimi ninayefundisha msuguano!

Kilichonitatiza miaka yote hii ni kwa nini ulivivaa. Wewe uliyewacheka vijana waliokuja kazini na viatu vya Jumapili! Jumamosi nikaenda Kawangware kumuuliza Mama. Alikuwa anakata sukuma wiki, wala hakuinua kichwa.

"Kwani hukujua? Hizo mbao zilikuwa za kuenda Kibera. Angepitia hapo kwa geti ya shule yenu. Akasema hawezi kuaibisha mwalimu mbele ya watoto wake."

Tangu siku hiyo nimechanganyikiwa. Nakukasirikia, kisha najikasirikia, kisha narudi kwako tena. Naona hukunielewa. Halafu naona ulinielewa vizuri mno, na hilo ndilo linaloniuma. Ningetaka nikuombe msamaha, ila sijui niuombe wa viatu au wa lile neno nililoshindwa kulimaliza.

Akoth ana maswali mengi, lakini kuna moja hajalifikia. Tuseme ungefika siku ile na akala zako, umelowa chepe, unavuta mbao zako kupita langoni, nami niko dirishani na chaki mkononi. Ningetoka nje nikuite Baba, watoto wote wakisikia? Nimeandika hapa kwamba ningetoka. Nimefuta. Nimeandika tena, nikafuta tena.

Pumzika, Baba. Akala zako ziko juu ya meza yangu darasani, na kila anayeuliza ni za nani, namwambia.

Binti yako, aliyekuwa akisukuma nyuma