Shikamoo Si Zawadi ya Mfanyakazi Bora

Mzee mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla sijafunga karakana yangu ya kushona sare za shule hapa Bomani, Tarime, maana nina mafundi saba na kazi ilikuwa imelala, nikaona niwape motisha, nikaanzisha mfanyakazi bora wa mwezi, picha yake inabandikwa ukutani na kila asubuhi wenzake wote wanamwamkia shikamoo, nikiamini kila mtu atajituma ili naye aamkiwe, na mwezi wa kwanza akashinda Robi, binti wa miaka ishirini na mbili, aliyeshona sketi nyingi kuliko wote, na wa mwisho akawa mzee Machage, mtu wa miaka sitini aliyenifundisha mimi mwenyewe kushika mkasi, na zamu yake ya kuamkia ilipofika akaniuliza, "Hamidu, huyu nimezaa wakubwa zake, nimwamkie?" nikamjibu, "Mzee, hapa kazini umri unaachwa mlangoni," na kabla hajafungua kinywa Robi akaziba masikio akapiga kelele, "Baba, usiniamkie, utaniletea laana!" akakimbia, mzee naye akachukua mkasi wake akaenda kwao Nyansurura, na sasa waliobaki wamenuna, hawanisemeshi, na shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Niongeze zawadi gani ili Robi na mzee warudi?

Hamidu, Bomani

Marahaba, Hamidu, ingawa nimesita kumwitikia mtu anayegawa shikamoo kama kofia za kampeni.

Bado unauliza zawadi? Nimekuwa mwalimu miaka mingi, kwa hiyo nitakueleza taratibu, hasira zangu nizishike. Unapomtuza mtu, unatoa kilicho chako. Wewe ulimvua Machage heshima yake ukamvika Robi, ambaye hakuiomba. Umeishi na Wakurya maisha yako yote, unajua kila mmoja analijua rika lake na rika la baba yake. Umemdhalilisha mmoja, umemtisha mwingine, halafu unaita motisha!

Na hukuniambia kwa nini Machage alikuwa wa mwisho. Cherehani ikigoma, anaitwa nani? Kitambaa kikikatwa vibaya, anakinusuru nani? Hizo sketi za Robi, nani alimkatia? Mtu anayeinuka mara ishirini kwa siku kuwasaidia wenzake atapata wapi rundo refu? Ulihesabu sketi, mtu hukumwona.

Leo hii bandua picha. Mwite Robi arudi, umwombe radhi mbele ya wenzake, na umwambie kwa kinywa chako kwamba ni fundi hodari. Hilo tu lingemtosha tangu mwanzo. Waulize mafundi nini kinawachosha, kisha unyamaze usikilize. Nadhani utasikia habari za viti vibovu na mwanga hafifu. Vitengeneze. Kuanzia sasa, kufundisha kwa Machage kuhesabiwe kuwa kazi.

Kisha nenda Nyansurura mwenyewe. Usitume mtu, wala usitaje kufunguliwa kwa shule. Ulimwambia mzee umri unaachwa mlangoni. Kwa Machage, acha mlangoni ubosi wako, umwamkie. Asipoitikia, keti hapo nje usubiri.