Kila Nikiingia na Kikombe

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila goti langu halijaacha ukorofi.

Jana niliitazama filamu yetu ukumbini. Nilipotokea kwenye skrini na sare yangu ya uuguzi, nimeshika kikombe cha dawa ya mgonjwa, watu wakapayuka, "Ni huyo! Ndiye anayemuua mzee!" Jamani! Muuaji si daktari? Mimi natabasamu tu pale. Nikatega sikio. Kila nikiingia chumbani, feni inanyamaza, ndege wa dirishani wananyamaza, halafu kwa chini unaanza mngurumo. Fundi wa sauti ni wewe. Ulikuwa na maana gani?

Dada yako

10 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole na goti. Hiyo ni kazi tu, dada. Filamu ya kutisha watu huitazama kwa masikio. Wakikushuku wewe, hawamshtukii daktari. Mwongozaji ndiye aliyeagiza, usijipe presha bure.

Mdogo wako

18 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwili mzima, moyo ndio una hasira. Nimemuuliza mwongozaji. Anasema alitaka muziki laini, watu wampende muuguzi, wewe ukang'ang'ania mngurumo wako mpaka mkakosana. Usinifanye mtoto! Baba alifia mikononi mwangu, dawa nilimpa mimi, wewe ulikuwa mbali. Niambie wazi: unanishuku?

Dada yako

30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya, kila nikiandika nachana karatasi.

Baba alinitumia ujumbe wa sauti siku mbili kabla hajafa. Anasema, "Mwanangu, nisikilize..." Mara zinasikika hatua zako, mlango unafunguka, naye ananyamaza. Nimeusikiliza mara mia. Kwa nini alikuogopa?

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Hasira zimeniisha, sasa nakuonea huruma.

Hakuniogopa. Kila siku nilimsihi nikuite, akakataa katakata: "Mwache, ndiyo kwanza amepata kazi." Siku ile nilimkuta na simu, akaisukumia chini ya mto kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Aliona haya, maana alikuwa anakuita mwenyewe.

Mara mia zote hizo ulisikiliza viatu vyangu. Baba ulimsikiliza lini?

Dada yako