Mkeka wa Heshima kwa Gari Nisilolitengeneza Mimi

Mpendwa Mama Makerita, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana nikipewa huo mkeka sijui nitauficha wapi uso wangu. Mimi ni fundi magari hapa Salelologa mwaka wa kumi na tisa sasa, na mwezi uliopita mchungaji wetu aliniletea gari lake kuukuu la otomatiki, ambalo asubuhi za mvua mkono wa gia unagoma kutoka kwenye P, ile ya kuegesha, hata ukanyage breki mpaka mguu ufe ganzi, na mimi kwa kujiamini nikasema giaboksi imekufa, nikaishusha, siku tatu nzima, sikuona kitu, nikairudisha, gia ikagoma vilevile.

Mama mkwe wangu Fuatino, aliyefanya kazi ya nyaya za simu posta mpaka akastaafu, akaja kuniletea chakula akitoka kwenye kwaya, akakaa kwenye usukani na gauni lake la kanisani, akasema, "Ropati, hebu nenda nyuma. Nikikanyaga breki, taa zinawaka?"

"Zinawaka, mama."

"Basi breki imeshatoa habari kwamba imekanyagwa. Kuna asiyesikia huku kwenye gia. Fungua hicho kifuniko chini ya mkono wa gia."

Nikafungua, akagusisha taa yake ndogo ya kupimia, upande huu wa soketi ya nyaya umeme upo, upande wa pili giza, akainama akanusa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Tui la nazi, mwanangu! Waya umeoza kwa tui!" Kumbe kila Jumapili vyungu vya majani ya magimbi na tui vinavyopelekwa kwa mchungaji huwekwa ndani ya gari hilo, pale kati ya viti visipinduke, na kinachovuja ni cha Fuatino mwenyewe. Akakata waya ulioliwa, akaunga mwingine, gia ikatoka laini, Mama, nilitaka kupiga magoti. Akaniambia, "Ole wako useme, Ropati. Wanawake wa kanisa watanisema mpaka nife."

Sasa mchungaji amenisifu mimbarini nami nikatabasamu kimya, na Jumapili hii mbele ya kijiji kizima atanipa mkeka mwembamba wa heshima, ule unaosukwa kwa miezi na miezi. Nikisema kweli namwaibisha mama mkwe, nikinyamaza namwibia. Nifanyeje?

Ropati, Salelologa


Ropati mwanangu,

Pole, na ushike adabu. Umeshusha giaboksi nzima kabla ya kutazama taa za nyuma? Ningekuwa jirani yako ningekufukuza na kandambili.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili ya huyo mama. Ameanza na swali dogo lisilochafua hata mkono, akaufuata umeme mpaka pale ulipokatikia, kisha akaiamini pua yake. Na gauni la kanisani juu! Nimempenda bila kumwona.

Ila unajisingizia ugumu. Habari ya chungu ni yake, hakuna aliyekutuma kuitangaza. Sifa ya kutengeneza gari nayo ni yake, na hiyo umeikalia wewe. Kwa hiyo nenda leo, kaa naye, mwambie unachotaka kusema, na umwahidi kwamba chungu hutakitaja. Jumapili ukiitwa, simama useme, "Mchungaji, aliyeona ubovu ni Fuatino, mimi nilifungua kifuniko tu," kisha umtandikie mkeka magotini pake. Mtu akiuliza waya uliharibiwa na nini, jibu kwamba ulilowa. Hujasema uongo.

Unaogopa wateja watakukimbia? Watakuja kumtafuta yeye, na watamkuta gerejini kwako, basi mwekee kiti chenye mto. Gari likigoma, mwite kabla hujagusa boliti hata moja. Chungu kihamie kwenye buti, kimefunikwa vizuri.

Na kuanzia Jumatatu, chakula cha mchana mpelekee wewe.

Mama Makerita